Masomo Manne ya Marehemu

Siku Taratibu alipokabidhiwa kishikwambi katika darasa la gereza, kidude kile kilimpokea kama mwenyeji anavyompokea mgeni aliyezoeleka. "Karibu tena," kiliandika kwa herufi za bluu, kisha kikamfungulia orodha ya masomo kumi na mawili ya ufundi umeme. Manne ya mwanzo yalikuwa na alama ya kijani: yamesomwa, yamesahihishwa, yamefungwa. Naye hakuwa amewahi kugusa kifaa kama kile maishani mwake, na kuhusu umeme alijua mambo mawili tu, kwamba unawasha taa na kwamba unaua.

Jina la Taratibu alipewa na wafungwa wenzake kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri kwanza na kunyanyuka baadaye. Lilikuwa jina la ajabu kwa mtu aliyehukumiwa miaka saba kwa sababu ya dakika moja. Katika ugomvi wa mfereji wa maji machafu alikuwa amempiga jirani yake kwa nondo, na mkono wa yule jirani haukukunjuka tena. Hakuwahi kulikana jambo hilo wala kulipamba. Alilibeba kama mtu abebavyo ndoo iliyojaa hadi ukingoni, akiangalia anapokanyaga.

Aliinua mkono. Afisa elimu akaja na kusimama nyuma ya kiti chake.

"Afande, haya manne ya mwanzo si yangu. Mimi nimehamishiwa hapa wiki iliyopita tu."

Afisa alikitazama kioo, kisha akaitazama namba iliyoshonwa kifuani mwa Taratibu.

"Namba hiyo ni ya nani?"

"Ni yangu, afande."

"Basi na masomo ni yako. Endelea na la tano."

"Lakini, afande, mimi hata..."

"Wewe mtu wa namna gani? Wenzako wanalia wapunguziwe, wewe unalia uongezewe?"

Darasa zima likacheka. Mzee mmoja wa dawati la nyuma akapaza sauti: "Mwache, afande! Kazoea kubeba, akipakuliwa anaona kizunguzungu!" Taratibu akacheka nao, akakaa, na katika kukaa huko ndiko lilikoanzia kosa lake. Alilijua tangu dakika ile ile, kwa sababu kila somo alilofaulu mfungwa lilimpunguzia siku kumi na tano za kifungo. Masomo manne ni siku sitini. Aliupigia hesabu ule mwezi na mwezi wa pili, akafungua somo la tano.

Katika gereza lile namba hazikuzeeka. Mtu akitoka, kwa mlango mkubwa au kwa njia nyingine, namba yake ilifuliwa pamoja na sare na kupewa anayefuata. Ulikuwa utaratibu wa miaka mingi na haukumdhuru mtu, mpaka vilipoletwa vishikwambi. Waliovitengeneza walivifundisha kuwatambua wanafunzi kwa namba. Hawakuuliza kama namba huhama, na waliojua kwamba huhama hawakuulizwa. Siku ya uzinduzi walifika wakubwa na kamera zao. Hotuba zikasomwa juu ya mlango mpya wa matumaini, idadi ya vifaa ikatajwa mara tatu, watu wakapiga makofi, keki ikakatwa. Miongoni mwa wote waliokula keki ile hakupatikana hata mmoja aliyekaa kwenye dawati na kufungua somo moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Taratibu alijaribu kuyafungua masomo yale manne kwa siri. Kila alipogusa, kioo kilimjibu: "Umekwisha kufaulu somo hili." Yaliyomo yalikuwa yamefutwa ili kuokoa nafasi; vilikuwa vimebaki vichwa tu. Cha nne kilisema: Waya wa Ardhi na Kinga ya Mtumiaji.

Kitu kimoja, hata hivyo, hakikufutwa. Kila somo lilimalizika kwa mwanafunzi kutakiwa aeleze alichojifunza kwa sauti yake mwenyewe, na katika somo la tano alikuta sauti iliyoanzwa na kuachwa njiani. Alivaa visikizi masikioni, akagusa. Akasikia pumzi ya mtu, nzito, kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi. Kisha: "Swichi tunaiweka kwenye waya unaoleta, si kwenye waya unaorudisha. Sababu yake..." Hapo kikaja kikohozi kirefu, kikavu, kikohozi cha mtu anayeomba radhi kwa kukohoa. "Ngoja. Ngoja kwanza. Nitarudi." Baada ya hapo palisikika kiti kikiburutwa, na kimya kilichodumu kwa dakika kumi na moja, kwa maana hakuna aliyezima.

Taratibu aliusikiliza ukimya ule wote.

Jioni alimuuliza mnyapara wa bweni, mfungwa wa zamani aliyekuwa akiwasimamia wenzake, ni nani aliyeitumia namba ile kabla yake.

"Alikuwa mtu wa kifua," mnyapara akasema. "Mpole. Alikwenda zahanati na blanketi. Blanketi lilirudi."

"Jina lake nani?"

Mnyapara alifikiri kwa haki kabisa, akakuna kidevu. "Tulikuwa tukimwita kwa namba," akasema.

Kwa miaka miwili Taratibu alisoma akiwa na mtu huyo begani. Alijifunza kwa bidii. Hilo hakuna wa kulibisha. Mgala muue na haki umpe. Alichora njia za nyaya kwenye kioo kwa kidole, akaunganisha soketi, akafunga swichi, akakosea, akaanza upya. Lakini alipofikia swali gumu alihisi kana kwamba yupo mtu amesimama nyuma ya kiti, mtu asiye na uso, anayengojea zamu yake ambayo imechukuliwa. Mara mbili aligeuka. Mara ya pili mwenzake wa dawati akamuuliza kama shingo inamuuma.

Alimaliza kwa alama themanini na sita kwa mia. Cheti kikachapishwa kikiwa na jina lake na nembo ya rangi ya dhahabu. Alitoka kabla ya wakati, akiwa chini ya uangalizi: kwa muda uliosalia alitakiwa kuripoti kila mwezi kwa afisa wa uangalizi, akiwa na barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba anafanya kazi ya ujuzi wake. Bila barua, angerudi ndani. Dada yake mkubwa alimpokea langoni, akamkumbatia, akamnusa shingoni kama anavyonuswa mtoto, akalia. Taratibu alikuwa akitazama juu ya bega la dada yake. Zile siku sitini za kwanza za uhuru wake alizihesabu moja moja. Alipokunywa chai mezani kwa dada yake alijua anakunywa katika siku ya mtu mwingine. Alipolala mchana wa Jumapili kwenye kochi, alilala katika Jumapili ya mtu mwingine.

Kazi aliipata kwa mkandarasi mmoja, mama wa miaka hamsini na ushei, aliyeitwa Bi Koleo na mafundi wote wa mji. Wengine walisema ni kwa sababu ya koleo lililoning'inia kiunoni mwake siku zote. Waliowahi kumdanganya walisema ni kwa sababu akikubana haachii. Alikisoma cheti cha Taratibu akiwa amekishika mbali na macho.

"Themanini na sita," akasema. "Mimi nilipata hamsini na mbili, na nyumba zangu hazijaungua. Ulifungwa kwa kosa gani?"

Taratibu alimwambia. Hakupunguza kitu.

"Sawa. Hapa nondo zipo nyingi," Bi Koleo akasema. "Ukikasirika, niambie nizihesabu kwanza. Njoo Jumatatu."

Kwa miezi mitatu alivuta nyaya, alichimba kuta, alipandisha mabomba ya plastiki yanayopitisha nyaya, na miunganisho ya mwisho ilifanywa na fundi mwandamizi ambaye hakupenda kutazamwa mikono. Fundi yule alipopata kazi kwingine, Bi Koleo alimkabidhi Taratibu kazi yake ya kwanza ya peke yake: hita sita za maji katika mabafu ya hosteli ya wanafunzi wa uuguzi, jengo la kale la ghorofa mbili.

Hapa inafaa lielezwe jambo dogo kwa asiye fundi. Hita hufungwa kwa nyaya tatu. Mmoja huleta umeme, wa pili huurudisha, na wa tatu, wa kijani wenye mstari wa manjano, hukaa bila kazi siku zote. Huo ndio waya wa ardhi. Kazi yake ni ya siku moja tu: siku umeme utakapotoroka na kuingia kwenye chuma au maji, waya huo huukamata na kuupeleka ardhini kabla haujaupitia mwili wa mtu. Ndio pekee unaofungwa kwa ajili ya mtumiaji, nao ndio uliokuwa katika somo la nne.

Kuanzia somo la tano na kuendelea, kishikwambi kilihesabu kwamba mwanafunzi amekwisha kuujua. Kwa hiyo kiliuchora kwa rangi hafifu, ukiingia nyuma ya ukuta, tayari. Ukiugusa, haukuitika. Kwa miaka miwili vidole vya Taratibu vilifundishwa, mara mia na mara mia nyingine, kwamba waya wa kijani hauguswi. Basi pale hostelini aliunganisha unaoleta, akaunganisha unaorudisha, akaukunja ule wa kijani kwa unadhifu mkubwa, akauzungushia utepe, akausukuma nyuma ya kifuniko, mahali ulipokuwa ukipotelea kwenye picha. Alifanya hivyo mara sita. Kila mara mkono wake ulisita kidogo, kama mkono wa mtu aliyesahau kitu mezani, na kila mara aliona aibu ya kuuliza, kwa kuwa mtu mwenye themanini na sita anauliza nini? Maji yakachemka. Bi Koleo, aliyekuwa na kazi nyingine ng'ambo ya mji, aliitia saini hati ya ukamilishaji juu ya boneti ya gari, bila kupanda ngazi.

Siku ya nne Taratibu alirudi pale asubuhi kufunga taa za baraza. Mama wa usafi alikuwa akitoka mabafuni na ndoo, anacheka peke yake.

"Fundi, hongera! Maji yako yana mahaba."

"Kwa nini, mama?"

"Bafu la tatu. Nikishika bomba lina kamtekenyo, hivi, mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, heh, na umri huu!"

Taratibu alitabasamu kwa sababu mama alikuwa akingoja atabasamu. Kisha akaziweka chini taa za baraza. Alipanda ngazi kwenye bafu la tatu na bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, akaigusisha ncha yake kwenye bomba la maji. Kitaa kikawaka.

Kilikuwa hafifu, chekundu, chenye kutetemeka. Taratibu alikitazama, na mle bafuni, kwenye vigae vyenye unyevu, akamhisi yule mtu karibu kuliko siku yoyote. Hakusikia kikohozi wala neno. Kulikuwa tu na ile hali ya mtu kusimama nyuma, umbali wa mkono mmoja, akitazama kile unachokitazama. Safari hii hakugeuka. Alishuka ngazi mbio hadi kwenye swichi kuu ya jengo, akaiteremsha, akasimama mbele yake.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wanafunzi wa zamu wanapooga. Baada ya dakika tano ukumbi ulijaa wasichana wenye taulo, miswaki na povu la sabuni masikioni.

"Fundi, washa!"

"Siwashi, dada zangu. Naomba radhi. Asiingie mtu bafuni."

"Tunachelewa wodini, jamani! Tukifukuzwa utatuoa wote?"

"Atawezaje kuoa, umeme wake mwenyewe anauogopa!"

"Tuwashe wenyewe, tumsogeze huyu!"

Mmoja, mrefu, mwenye povu hadi nyusi, akaunyoosha mkono juu ya bega lake. Taratibu akaushika mkono ule kwa upole, na alipouona mkono wake mwenyewe umemshika mtu kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya nondo, akauachia mara moja na kuinua viganja vyote viwili juu.

"Dada," akasema, "nimefunga vibaya. Hita zote sita. Mngeweza kufa."

Yule msichana alilifuta povu jichoni ili amtazame vizuri.

Bi Koleo alifika baada ya nusu saa. Alifungua kifuniko cha hita ya kwanza, akauvuta ule waya uliokunjwa, akautazama kama mtu anayetazama shuka lililotandikwa kwa ustadi juu ya kitanda kisicho na godoro.

"Nani alikufundisha kuukunja hivi?"

"Hakuna aliyenifundisha, mama. Somo hilo sikulisoma. Lilisomwa na aliyekuwa na namba yangu kabla yangu. Alikufa. Mimi nikapewa alama zake."

Alimweleza yote, tangu siku ya kwanza darasani. Bi Koleo aliipindua ndoo ya usafi, akaikalia. Akawa anafungua na kufunga meno ya koleo lake.

"Na mimi nimetia saini," akasema hatimaye. "Juu ya boneti, kama mtu anayesaini barua ya posa. Nilikiamini kikaratasi cha dhahabu." Akainuka. "Lete ngazi. Tano nitafunga mimi, uangalie. Ya sita utafunga wewe, na nitakusimamia mpaka uone kinyaa."

Walimaliza adhuhuri. Ya sita aliifunga mara tatu, maana mara mbili Bi Koleo aliikatalia. Walipopima, kitaa hakikuwaka popote. Wakiwa wanakusanya vifaa, Bi Koleo alizungumza bila kumtazama.

"Sikiliza, mwanangu. Hakuna aliyeumia. Waya umefungwa. Barua yako ya mwezi nitaiandika kama kawaida. Fundi aliyekosea na kurekebisha, ni fundi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Lakini wapo wengine waliotoka na namba za watu."

"Dunia huiwezi."

"Na namba yangu mimi, sasa hivi anayo nani?"

Bi Koleo alilitundika koleo kiunoni. "Hilo swali," akasema, "ukilipeleka ofisini, hawatalijibu. Watakujibu wewe."

Siku tatu Taratibu hakula vizuri. Alipomwambia dada yake, dada aliacha kukunja nguo.

"Unataka kwenda kuwaambia kwamba ulitoka kabla ya siku zako?"

"Nataka kuwaambia kuna mtu atafunga waya asioujua."

"Ni jambo lile lile! Wewe mdogo wangu una akili au una kamasi? Miaka sita na nusu mimi nimekuja kukaa kwenye benchi la wageni. Mvua yangu, jua langu. Marehemu hana haja na siku sitini. Ataziweka wapi?"

"Dada, mimi simrudishii yeye."

"Sasa nani?"

Taratibu alijua tu kwamba kila alipoinua bilauri ya maji mle nyumbani, aliishika kwa vidole vya tahadhari, kana kwamba nayo itamtekenya. Na kwamba pale bafuni, alipokuwa akikitazama kile kitaa, alitambua kuwa yule aliyesimama nyuma yake hakuwa akidai chochote. Alikuwa akingoja tu, kama walivyozoeshwa kungoja wote waliowahi kuivaa namba ile, aje mtu aseme.

Afisa wa uangalizi alikuwa mtu mstaarabu, mchovu, mwenye mafaili mpaka juu ya dirisha. Alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaiingiza ile namba kwenye kompyuta, na Taratibu akaiona rangi ya uso wake ikibadilika.

"Imekwisha kutolewa kwa mwingine," akasema. "Yuko gereza lile lile." Akakigeuza kioo. Palikuwa na jina la mtu asiyemfahamu, na chini yake masomo kumi na mawili, yote ya kijani. "Cheti chake kitachapishwa akitoka. Hajasoma hata somo moja huyu."

"Yaondoe, bwana afisa."

Afisa alisogeza kipanya huku na huko. Alitafuta kwa moyo, hilo pia lisemwe. "Hakuna pa kuondolea," akakiri. "Mfumo unaongeza tu."

Aliandika ripoti kwenda juu. Majibu yalifika baada ya siku tisa, katika karatasi moja. Kuhusu vishikwambi: suala linafanyiwa kazi na wahusika watajulishwa. Kuhusu Taratibu: alipata punguzo lisilo halali la siku sitini, cheti chake kinafutwa, na atarejea gerezani kuzitumikia. Hivyo ndivyo ilivyo nyumba kubwa ya haki. Hakuna aliyeweza kumtafuta aliyenunua mtambo usiotambua watu, wala aliyeugawa bila kuujaribu, wala aliyeambiwa darasani mbele ya watu thelathini akajibu kwa mzaha. Aliyepatikana ni yule aliyekuja kwa miguu yake, akapiga hodi, akavua kofia.

Dada yake alimfungia sabuni mbili na fulana. Langoni ndipo alipomshika mkono. "Sitini," akasema kwa ukali. "Hata sitini na moja sitaki kusikia." Bi Koleo hakuja. Alimtumia ujumbe kwenye simu ya dada: kazi zipo, mwenye kutaka kujifunza upya ataanza kwa kubeba ngazi.

Ndani walimpa namba nyingine. Darasani walimpa kishikwambi kingine, na safari hii masomo yote kumi na mawili yalikuwa ya kijivu, hayajaguswa na mtu. Hakuyafungua. Alizunguka kati ya madawati akisoma vifua vya watu, mpaka akaiona namba yake ya zamani. Aliyeivaa alikuwa mtu wa makamo mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa akicheza karata za kwenye kioo. Taratibu alivuta kiti, akakaa.

"Ndugu, hayo masomo umeyasoma?"

"Nimefaulu," yule mtu akasema, macho kwenye karata.

"Sikukuuliza hivyo."

Kicheko kikapungua. Yule mtu akatupa jicho kwa afisa elimu, akainamisha kichwa. "Bwana, mimi natoka baada ya wiki tatu. Sijui wewe ni nani, lakini tafadhali usinichafulie."

"Kwa maafande nilikwisha kusema, hawana habari. Nakuambia wewe. Ukitoka utafanya kazi wapi?"

"Kwa shemeji yangu. Ana kiwanda kidogo cha mikate. Nimemwambia nina cheti cha umeme, amefurahi, ameagiza tanuri jipya la umeme. Anangoja tu nije nilifunge."

"Nani atakuwa akilishika hilo tanuri?"

"Dada yangu. Na wanawake wengine wanne."

Taratibu aliomba penseli kwa jirani. Juu ya ubao wa dawati, ambako kuchora kulikatazwa, akachora kisanduku na mistari mitatu ikitoka ndani yake. Akaueleza wa kwanza. Akaueleza wa pili. Yule mtu alijifanya anacheza karata, lakini kidole chake kilikuwa kimetulia. Taratibu alipoiweka ncha ya penseli kwenye mstari wa tatu, yule mtu akafanya haraka ya kuonyesha kwamba yeye si mjinga kiasi hicho.

"Huo najua," akasema. "Nimeona kwenye picha. Huo unakuwa umeshafungwa."

"Na nani?" Taratibu akauliza.

Yule mtu akakitazama kioo, akautazama ule mstari wa penseli, akakitazama kioo tena. Kisha akakilaza kishikwambi kifudifudi, akasogeza kiti karibu.